Anayetajwa, mtia nia au mgombea?

SWALI: Natayarisha makala ya redio kuhusu uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2012. Niliandika hivi: "Mapema mwaka 2011 wagombea wa kihafidhina wa chama cha Republican walikuwa Mike Huckabee, Sarah Palin, Chris Christie na Mitt Romney." Mhariri wangu amefuta "wagombea" akaweka "watia nia". Nani kati yetu yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, nyote wawili mmewatangulia wanasiasa wenyewe. Mapema mwaka 2011 hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyekuwa ametangaza kuwania uteuzi wa chama, na watatu kati yao hawakutangaza hadi mwisho. Huckabee alisema Mei 14 kwamba hatawania, Christie akasema hivyo Oktoba 4, na Palin akafuata siku ya pili yake. Wala tusiandike kwamba "walijitoa", maana hujitoa yule aliyekwisha kuingia.

Neno "mgombea" lina uzito wake. Kwa Mtanzania, mgombea urais wa chama ni mtu mmoja ambaye vikao vimekwisha kumpitisha. Mwaka 2015 makada zaidi ya 30 wa CCM walichukua fomu za kuomba kuteuliwa, lakini mgombea alikuwa mmoja tu, John Magufuli, baada ya vikao vya Dodoma mwezi Julai. Wale wengine waliitwa watia nia, na hapo ndipo mhariri wako alipolitoa neno lake.

Tatizo ni kwamba neno hilo nalo lina masharti. Kabla halijaingia katika siasa tulilijua katika ibada: mtu hutia nia ya kufunga au ya kuswali, na nia hiyo ni ya moyo wake mwenyewe, hakuna awezaye kumtilia mwenzake. Christie, aliyekuwa gavana wa New Jersey, alirudia mara nyingi kwamba hana nia hiyo huku matajiri na wanachama wakimsihi aingie. Kumwita mtia nia ni kumpa nia ambayo yeye mwenyewe aliikana.

Kinachokufaa ni kitenzi "kutajwa", na uzuri wake ni kwamba hakisemi lolote kuhusu alichotaka mwenye jina, kwani mzigo wote unabaki kwa wanaotaja. Ukitaka kuonyesha kwamba jina lilizunguka midomoni bila uhakika, unalo umbo la "kutajwatajwa". Palipo na watu wanaomsukuma mbele, kama ilivyokuwa kwa Christie, sema alipigiwa chapuo. "Kunyemelea urais", ambako waandishi wetu wanakupenda mno, mimi ningekuepuka, kwa kuwa kunamfanya mtu aonekane kama chui nyuma ya zizi wakati huenda yuko nyumbani kwake ametulia.

Romney peke yake, kati ya hao wanne, anatuonyesha safari nzima ya maneno haya. Kabla ya Juni 2, 2011 alikuwa akitajwa. Siku hiyo, huko New Hampshire, alitangaza nia, na tangu hapo ni sahihi kumwita mtia nia, au mwaniaji kama wasemavyo Kenya. Mwishoni mwa Mei 2012, alipokwisha kupata wajumbe wa kutosha, akawa mgombea mtarajiwa, na mkutano mkuu wa Tampa mwezi Agosti ukamfanya mgombea kamili. "Mteule" nisingelitumia hapo, kwa sababu "rais mteule" kwetu ni aliyekwisha kushinda ambaye bado hajaapishwa, na Romney alishindwa na Barack Obama.

Kuhusu "kihafidhina", zingatia herufi ndogo uliyotumia: Uingereza, Wahafidhina ni jina la chama, ilhali Marekani huo ni mwelekeo tu, na wahafidhina wengi ndani ya Republican walimtilia shaka Romney.

Kwa hiyo mwambie mhariri wako sentensi isomeke hivi: "Mapema mwaka 2011 miongoni mwa waliokuwa wakitajwa kuwa huenda wangewania uteuzi wa chama cha Republican ni Mike Huckabee, Sarah Palin, Chris Christie na Mitt Romney, kati yao ni Romney pekee aliyekuja kutangaza nia."