Jibu: Ping inajibu, programu haifiki kwenye hifadhidata

Ndugu, umeuliza kwa nini ping kati ya seva zako mbili inajibu ilhali programu inashindwa mara kwa mara kuifikia PostgreSQL, yaani hifadhidata yako. Ping hutumia ICMP, itifaki ya ujumbe wa uchunguzi wa mtandao. Haigusi TCP, itifaki ambayo programu huunganishia, wala poti 5432, mlango wa PostgreSQL. Kagua poti yenyewe kila dakika kwa `nc -zv -w 3 seva2 5432` (seva2 ni seva ya hifadhidata; amri hii hujaribu tu kuunganisha), ukiandika saa na matokeo. Endesha ukaguzi huo kwenye seva ya programu, maana njia inayokuhusu ni hiyo, si ya kompyuta yako.

Kisha endesha mtr, zana inayoonyesha kila ruta njiani na pakiti zinazopotea, kutoka pande zote mbili, kwani pakiti zaweza kurudi kwa njia nyingine. Upotevu kwenye ruta ya katikati usikutishe kama hauendelei hadi mwisho: ruta nyingi hubana tu majibu ya ICMP.