Maswali na Majibu: Pale RNA Inapokatwa na Kuungwa

Mwalimu wetu amesema kwamba seli hunakili jeni nzima kisha hutupa sehemu kubwa ya nakala hiyo. Inajuaje pa kukata, na kwa nini ijisumbue hivyo? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga)

Mwalimu wenu amesema kweli. Jeni inaponakiliwa ndani ya kiini cha seli, nakala ya kwanza ya RNA huwa na vipande vya aina mbili vilivyopishana: eksoni, ambazo hubaki, na introni, ambazo huondolewa kabla nakala haijatoka kiinini kwenda kutumika kutengeneza protini. Jeni ya distrofini, protini ya misuli, ina herufi (viungo vya kemikali A, C, G na T; katika RNA, T huwa U) zaidi ya milioni 2, lakini RNA yake ikishaungwa hubaki na herufi 14,000 hivi, zilizotoka katika eksoni 79. Jambo hili halikujulikana hadi mwaka 1977, Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja na wenzake, walipoligundua katika virusi vya adeno. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Karibu kila introni huanza kwa herufi GU na kuishia kwa AG. Alama hizo peke yake hazitoshi, kwa kuwa hujirudia kila mahali, hivyo mashine iitwayo splaisosomu, iliyoundwa kwa RNA ndogo tano na protini nyingi, husoma pia herufi za jirani. Mwanzo wa introni hukatwa, hupinda na kushikana na herufi A moja iliyo karibu na mwisho, likatokea umbo la kitanzi kama cha kamba ya kufungia mbuzi. Kisha eksoni mbili huungwa na kitanzi huachiliwa.

Usumbufu huo una faida. Jeni ile ile inayotoa homoni ya kalsitonini katika tezi ya shingo huungwa kwa namna nyingine katika neva, ikatoa protini ndogo inayotanua mishipa ya damu. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000 tu, na nyingi mno kati yake hutumiwa kwa njia hiyo.

Mwanangu ana thalasemia ya beta. Karatasi ya maabara inasema kasoro iko kwenye herufi ya 5 ya introni ya kwanza. Kama introni hutupwa, inamdhuruje? (Mama, Muscat)

Pole, mama, na swali lako ni la msingi kuliko yote tuliyopokea. Introni hutupwa, lakini ndiyo inayobeba alama za pa kukatia. Herufi ya 5 iko katika sehemu ambayo RNA ndogo ya U1 hujipachika ili kuutambua mwanzo wa introni. Ikibadilika kutoka G kuwa C, mshiko hulegea, na mashine hukata zaidi katika sehemu za jirani zinazofanana na alama halisi. RNA nyingi zinazotoka hapo hazifai, na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, hupungua. Kasoro hii ni miongoni mwa zinazoonekana sana Oman, Pakistan na India.

Niruhusu nieleze kasoro nyingine ya introni hiyo hiyo, inayopatikana sana Cyprus, Ugiriki na Uturuki, kwa sababu herufi zake zinaonyesha jambo hili waziwazi. Introni ya kwanza ya jeni ya beta globini, ambayo ni sehemu ya himoglobini, ina herufi 130, na mwisho wake husomeka hivi: UUGGUCUAUUUUCCCACCCUUAG. Herufi ya 110, ambayo hapa ni G ya kwanza, ikigeuka kuwa A, tunapata UUAGUC, yaani AG mpya iliyotangulia ile halali. Katika RNA takriban 9 kati ya 10, mashine hukatia kwenye AG hiyo ya uongo, na herufi 19 za introni hubaki ndani ya ujumbe. Ukizisoma tatu tatu, baada ya kuiunganisha ya kwanza na mbili za mwisho wa eksoni iliyotangulia, utafika kwenye UAG, ambayo kwa ribosomu, mashine inayosoma RNA herufi tatu tatu na kuunda protini, ni amri ya kusimama. Herufi zile zile zilizokuwa alama ya mwisho wa introni sasa zinaikatisha protini kabla haijafika mbali.

Je, selimundu nayo ni kosa la kuunga RNA? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Katika selimundu RNA hukatwa na kuungwa sawasawa. Herufi moja ndani ya eksoni ya kwanza ndiyo iliyobadilika, GAG ikawa GUG, na protini hutoka nzima ikiwa na asidi amino (kiungo cha protini) moja isiyo yake. Hata hivyo, mpaka kati ya makosa haya mawili si ukuta: himoglobini E, ya Kusini-Mashariki mwa Asia, hutokana na herufi moja ya eksoni ambayo hubadilisha asidi amino na papo hapo huamsha mahali pa uongo pa kukatia.

Nimesikia kuna dawa ya kurekebisha uungaji huu. Je, inabadilisha jeni? (Mzazi, Arusha)

Haibadilishi jeni. Dawa mojawapo ya namna hii ni nusinersen, ya ugonjwa wa SMA, unaoua neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli. Mtoto mwenye SMA amekosa jeni ya SMN1 inayofanya kazi, lakini anayo pacha wake, SMN2, ambayo kwa sababu ya herufi moja huiruka eksoni ya 7 katika RNA zake nyingi, na protini inayotokana nazo huvunjwa upesi. Nusinersen ni uzi mfupi uliotengenezwa maabara, unaojilaza juu ya sehemu ya introni ya 7 ambapo protini za kuzuia hukaa. Nafasi hiyo ikishazibwa, eksoni ya 7 huingizwa tena.

Kwa kuwa jeni yenyewe haikuguswa, nakala mpya zitakuwa na kasoro ile ile, na ndiyo maana baada ya dozi za kuanzia mtoto huchomwa sindano ya kwenye maji ya uti wa mgongo kila baada ya miezi minne. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2016 kwa bei ya dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza, bei ambayo kwangu mimi ni kama mlango uliofungwa. Mwaka 2020 ilifuata risdiplam, inayonywewa, nayo hufanya kazi kwenye eksoni ile ile.