Vidole Vinavyokufa Ganzi Kwenye Usukani

SWALI: Mhariri, kila majira ya baridi mimi huenda kazini kwa baiskeli, na ingawa nimenunua glavu nene, vidole vyangu hufa ganzi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda unene huo ndio unaokuponza. Kinachohifadhi joto ni hewa iliyotulia ndani ya glavu, kwa hiyo glavu inayobana, hata iwe nzito namna gani, huifukuza hewa hiyo na kuzuia damu kufika vidoleni. Chagua iliyolegea kidogo, yenye kitambaa cha nje kisichopitisha upepo, kwa sababu mwendo wa kilomita 20 kwa saa hukuletea upepo wa kasi hiyohiyo hata hewa ikiwa shwari.

Usisahau kiwiliwili: mwili unapopoa hubana mishipa ya damu ya mikono ili kulinda viungo vya ndani, hivyo koti zuri huvisaidia vidole pia. Kwa baridi kali, mimi ningependelea mifuko inayofungwa kwenye usukani (haipendezi machoni, nakubali), maana ndani yake unashika breki na gia kwa glavu nyepesi. Vidole vikigeuka vyeupe kabisa mara kwa mara, mwone daktari.