Kabla hujaidharau shaba

Kijana akiingia karakana ya usonara, swali lake la kwanza huwa: dhahabu nitaishika lini? Nami nililiuliza. Fundi wangu aliniweka miezi mingi kwenye shaba, nikaumia nikidhani haniamini. Kilichonituliza ni habari za karakana ya Fabergé ya Urusi.

Carl Fabergé alikuwa sonara wa kasri. Mayai ya Pasaka ambayo Kaizari Nicholas II alimpa mkewe na mama yake, ya dhahabu, almasi na enameli (rangi ya kioo iliyoyeyushwa juu ya madini), yalitoka kwake. Vita vilipozuka mwaka 1914, mafundi wake wengi waliitwa jeshini, na wateja wa vito wakapungua. Karakana ikageukia sufuria, bakuli, visahani vya majivu na vikebe vya sigara, vya shaba nyekundu na shaba ya njano. Kiwandani kwake Moscow zilitengenezwa hata zana za vita, yakiwemo mabomu ya kurusha kwa mkono.

Nawaomba mtafute picha ya kisahani kimojawapo. Katikati pana tai wa vichwa viwili, na kwa Kirusi pameandikwa: Vita 1914, K. Fabergé. Jina lilelile la mayai ya kasri, juu ya shaba ya kuwekea majivu! Mimi hilo hunigusa kuliko almasi zake zote. Na Pasaka ya 1916 yai la Malkia Alexandra, mke wa Kaizari huyo, lilikuwa la chuma cha pua, limesimamishwa juu ya makombora manne madogo ya mzinga.

Sasa shikeni nyundo. Shaba hukakamaa kadiri unavyoifua. Sikiliza mlio: ukianza kuwa mkali na nyundo ikikurudi mkononi, acha. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu ya kufifia, izamishe majini, ndipo uendelee. Ukiing'ang'ania hivyo hivyo, itapasuka ukingoni. Dhahabu nayo hukakamaa vivyo hivyo, ila ufa wake utaulipia wewe au mteja. Mimi niliharibu vipande vingi vya shaba kabla sikio langu halijazoea mlio huo, na ninashukuru havikuwa vya dhahabu.

Bakuli la kupikia au kulia lipakeni bati ndani, maana limau na siki huila shaba ikaingia kwenye chakula. Likishatoka sawa, bila ufa wala alama ya tupa, ligeuze ugonge jina lako chini.