Ada ya SHA ya mwaka mzima na jinsi chama chetu kinavyoilipa

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama wanaouza Kongowea, lile soko kubwa la Mombasa. Tuna wauza nyanya, wauza ndizi, wakaanga samaki na washonaji wawili, na hakuna hata mmoja wetu mwenye mshahara. Redioni mjadala wa SHA, bima mpya ya afya ya taifa, huzungumzwa kwa asilimia na mabilioni. Sisi hutufikia kwa swali moja tu: pesa ya mwaka mzima tutaitoa wapi kwa mpigo?

Jibu tulilolipata nataka nilieleze kwa urefu, maana najua wako wengi wanaohangaika na jambo hili hili, na wengine wamekata tamaa kabisa.

Tuanze na kilichobadilika. NHIF, ile bima ya taifa ya zamani iliyokuwepo tangu 1966, ilimtoza asiyeajiriwa shilingi 500 kwa mwezi. Aliyeajiriwa alikatwa kuanzia 150 hadi 1,700 kulingana na mshahara, na hiyo 1,700 ndiyo iliyokuwa dari: wa laki moja na wa nusu milioni walitoa sawa. Sheria aliyotia saini Rais Ruto Oktoba 2023 ilileta SHA badala ya NHIF, ikaondoa dari hiyo. Sasa mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Wa 20,000, aliyekuwa akitoa 750, sasa anatoa 550. Wa 100,000 amepanda kutoka 1,700 hadi 2,750, na wa nusu milioni anatoa 13,750. Ndiyo maana utasikia mtu wa ofisini akilia kuwa ada imepanda na muuza vitumbua akiambiwa imeshuka, na wote wawili wanasema kweli.

Sina ugomvi na asilimia. Mwenye nacho akitoa zaidi ili asiyenacho atibiwe, hiyo ni haki, na mtu asinishawishi vinginevyo. Kinachoniuma ni kwamba mwajiriwa anakatwa mwezi hadi mwezi, lakini sisi tusio na mwajiri tunatakiwa tulipe mwaka mzima mbele. Kiwango chetu cha chini ni 300 kwa mwezi, pungufu ya ile 500 ya zamani, lakini 500 wengi walikuwa wakiituma kidogo kidogo kwa simu. Hii ni 3,600 siku moja. Mama anayefika sokoni alfajiri na elfu tatu kununua kreti za nyanya, akiitoa hiyo pesa, kesho atauza nini? Wengi wetu hatukukataa kulipa. Tulishindwa kukusanya.

Basi chamani tukaamua hivi. Mbali na mchango wa kawaida wa mzunguko, kila mmoja anaweka shilingi 10 kwa siku, na mfuko huo haukopeshwi mtu kwa sababu yoyote. Shilingi 10 ni bei ya hamri moja, na kwa mwaka inafika 3,650. Mwenye kiwango cha juu anaweka 20 au 30. Pesa hukusanywa jioni soko likianza kutawanyika, kabla mtu hajapita dukani, na siku hiyo hiyo inaingia kwenye akaunti ya chama. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu kwa sababu hatukuwa na akiba ya kuanzia, kwa hiyo tulipanga zamu. Waliotangulia kulipiwa walikuwa wajawazito, wenye kisukari na presha, na wenye watoto wachanga. Palikuwa na manung'uniko. Nilisimamia uamuzi huo na bado nausimamia, kwa sababu mwenye mimba ya miezi sita hana nafasi ya kungoja zamu.

Mwaka 2025 Serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, mkopo unaokulipia ada ya mwaka kisha unarejesha kidogo kidogo. Kwa asiye na chama ni afadhali kuliko kukaa bila bima. Lakini ni mkopo, na mkopo una masharti, kwa hiyo usibonyeze kukubali kabla hujasoma utarudisha kiasi gani kwa jumla na utafanywa nini ukichelewa. Kama una wenzako watano mnaoaminiana, wekeni pesa yenu wenyewe.

Sasa nije kwenye kile kipimo cha kujua kila nyumba ilipe ngapi, maana hapo ndipo watu wanapoumia kimyakimya. Asiye na mshahara hana hati ya kuonyesha mapato, kwa hiyo mfumo unakisia kwa kukuuliza maswali. Paa la nyumba ni la nini? Sakafu je? Maji unachota wapi, choo ni cha aina gani, unapikia nini, mifugo unayo? Majibu hayo ndiyo yanayogeuzwa kuwa ada yako. Shida ni kwamba mfumo unaona vitu, hauoni pesa. Mjane wa Mji wa Kale anayeishi nyumba ya mawe aliyoachiwa na marehemu mumewe, na chakula chake ni cha kuuza kachiri barazani, ataonekana tajiri kuliko mwenye maduka mawili aliyepanga chumba cha mabati. Kwa hiyo usimwachie kijana wa saibakafe akujazie haraka haraka huku foleni ikikusukuma. Kaa naye, kila swali akusomee kwa sauti, na ujibu ukweli kama ulivyo leo. Kama ng'ombe ni wa kaka yako, sema ni wa kaka yako. Usidanganye, lakini pia usijikweze mbele ya mgeni, tabia ambayo watu wa pwani tunayo sana. Kiwango kikitoka kikubwa kuliko uwezo wako, usikae nyumbani ukinung'unika. Nenda na kitambulisho ofisini uombe upimwe upya, na uweke nakala ya barua yako.

Kuna jambo jingine ambalo nalirudia kila kikao. Kujisajili kwa *147# si kulipa. Mamilioni ya Wakenya wamejisajili, na wachache mno miongoni mwetu tusioajiriwa ndio wanaolipa. Mtu anaonyesha ujumbe wa simu kuwa amesajiliwa, anajiona ana bima, na ukweli huujua mlangoni mwa wodi. Aliyejisajili bila kulipa anaweza kutibiwa bure zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, kwa sababu huko kunalipwa na kodi. Kulazwa, kujifungua kwa upasuaji, saratani, kusafishwa damu kwa wenye figo, hayo yanataka ada iwe imelipwa.

Na hata aliyelipa, aanzie chini. Nimewaona watu wakiruka zahanati ya mtaa wao kwenda hospitali kubwa kwa homa au kikohozi, halafu wanalalamika wametozwa. Mfuko wa bima wenyewe umelenga hasa kulazwa na huduma nzito za hospitali kubwa. Homa ya kawaida ina mahali pake, na ni pale karibu na nyumbani. Mama yangu ana presha ya miaka mingi. Tulizoea kumpeleka mbali na kulipia kila kitu: gari, daktari, dawa. Sasa anapimwa zahanati ya jirani, na muuguzi hutuambia dawa zinapoingia ili tuende mapema kabla hazijaisha. Zikiisha tunanunua, na hilo nalo ni tatizo ambalo kadi pekee haiwezi kulitatua.

Sajili wategemezi wako leo, siyo siku ya ugonjwa. Mume au mke na watoto waingie kwenye jina lako, na kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa. Vituo vimehamia kwenye alama za vidole kumtambua mgonjwa, na wazee wetu wana tabu hapo. Namjua bibi mmoja aliyesuka makuti maisha yake yote, vidole vimelainika kama karatasi, mashine ikagoma kumsoma kabisa. Bahati njema tulikuwa tumempeleka akiwa mzima, kwa hiyo palikuwa na muda wa kutafuta njia nyingine. Fikiria hali hiyo mtu akiwa amezimia.

Kabla ya kulazwa popote, uliza maswali mawili dirishani: mnapokea SHA kwa huduma hii hasa, na mimi nitaongeza ngapi? Kituo kinaweza kuwa na mkataba kwa huduma fulani na kisiwe nao kwa nyingine. Tena bima hulipa kiwango chake, hailipi chochote utakachoandikiwa. Kujifungua kawaida ni 10,000, kwa upasuaji ni 30,000. Binti wa mwenzetu mmoja alijifungulia hospitali ya binafsi ambayo bili yake ya upasuaji ilikuwa mbali sana na hiyo 30,000, na familia ikachangishana usiku ule ule. Hospitali ya umma iliyokuwa umbali wa matatu moja ingemtosha. Kwa saratani, SHA ilipoanza mwaka 2024 ilikuwa 400,000 kwa mwaka kwa nyumba nzima, kisha mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura ukiongeza 150,000. Kwa matibabu ya mionzi na dawa pesa hiyo huisha kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo mwenye mgonjwa apange na daktari tangu mwanzo kipi kitangulie.

Kwa walio na bima ya kampuni binafsi neno langu ni fupi. Ada ikipanda wakati wa kuhuisha, usikimbilie kampuni nyingine kwa sababu ya bei tu. Ukihama, mara nyingi ule muda wa kusubiri kwa magonjwa uliyonayo tayari unaanza upya, na mwenye kisukari anaweza kujikuta hana kinga kwa mwaka. Afadhali upunguze huduma za kutibiwa na kurudi nyumbani, ubakishe za kulazwa, na SHA uiendeleze, kwa sababu kampuni nyingi huhesabu kwamba sehemu ya SHA imeshalipwa.

Kuhusu mageuzi yenyewe, msituambie kwamba wanaouliza maswali ni wapinzani wa maendeleo. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema sheria hizi zilikiuka Katiba kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo na tarehe 1 Oktoba SHA ikaanza. Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, akaonyesha kuwa mfumo wa kompyuta wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, si mali ya Serikali. Mtu anayeweka shilingi 10 kila jioni ana haki ya kuuliza pesa yake inapita mikononi mwa nani. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Haikusema kila mwenye 3,600 mkononi.

Ninachodai, na ninawaomba mkidai pia kwa mbunge wenu na kwenye vikao vya maoni ya umma, ni mambo yanayotekelezeka. Asiyeajiriwa aruhusiwe kulipa kwa mwezi bila kukopeshwa. Mwajiri achangie, kama anavyochangia NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni. Hospitali zilipwe kwa wakati, kwa sababu hospitali isipolipwa, aliyelipa ada ndiye anayerudishwa mlangoni. Na orodha ya vituo vyenye mkataba, na huduma zake, ibandikwe kwa kila chifu, kwa Kiswahili.

Wanaotaka kuanzisha mfuko kama wetu, daftari letu lina safu tano: jina, kiwango cha mwaka, alichoweka mpaka sasa, wategemezi waliosajiliwa, na tarehe bima inapoisha. Hiyo ya mwisho tunaiandika kwa wino mwekundu, na mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo mwanachama anaitwa mbele, hesabu yake inasomwa kwa sauti, na kilichopungua kinajazwa siku hiyo hiyo au anaingizwa kwenye zamu ya kwanza. Daftari hukaa kwangu, nakala kwa katibu, na akaunti ya benki ina sahihi za watu watatu.