Gololi, mkebe na embe la boda boda: kwa mwalimu mpya wa fizikia

Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa Kidato cha Tatu mwaka huu, usianze mwendo wa kitu kilichorushwa kwa kujaza ubao milinganyo. Mimi nilianza hivyo, mwaka wangu wa kwanza huku nje kidogo ya Kisumu. Wanafunzi walinakili, wakakariri, nikajisifu moyoni. Kisha nikauliza: sarafu mbili zikitoka mezani pamoja, moja ikidondoka tu na nyingine ikisukumwa mbali, ipi itagusa sakafu kwanza? Karibu darasa zima likajibu iliyodondoka, kwa sababu nyingine "iko na safari ndefu".

Siku hizi naanza na swali hilo, na kila mmoja anaandika jibu lake kwenye daftari kabla sijagusa kitu. Halafu natokeza ncha ya rula nje ya ukingo wa meza, sarafu moja juu ya ncha hiyo, nyingine mezani kando ya rula. Naipiga rula kwa upande. Ya kwanza inaachwa hewani ianguke wima, ya pili inarushwa. Waambie wafumbe macho wasikilize: mlio ni mmoja. Rudia mara tatu, maana hakosi wa kusema umetegea.

Hapo ndipo hesabu inapata maana. Meza ya kimo cha sentimita 80, ukichukua g, yaani mchapuko (badiliko la kasi kila sekunde) wa kitu kinachoanguka, kuwa mita 10 kwa sekunde kila sekunde, kitu kinaanguka kwa sekunde 0.4, kiwe kimesukumwa kwa mlalo au la. Sasa toka nje na boda boda. Dereva anakwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, na embe linachomoka kwenye keria iliyo juu sentimita 80. Litagusa lami mita 4 mbele ya mahali lilipochomoka, kabla hata ya kubingirika. Wengi watasema linaanguka pale pale. Wape nafasi wabishane. Kelele hiyo ina faida kuliko chaki yako.

Kasi ya wastani nayo ina mtego wake. Ukienda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ile ile kwa 40, wastani ni 48, wala si 50, kwa kuwa ulikaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole. Usipite haraka.

Kosa jingine utalikuta kila mwaka: mpira ukirushwa juu, eti ukifika kileleni mchapuko ni sifuri. Usimkaripie mwanafunzi. Muulize tu, kama velositi (kasi pamoja na mwelekeo wake) ni sifuri na mchapuko pia ni sifuri, kitu gani kitaurudisha chini? Mpira ungebaki huko huko juu.

Ukibaki na muda, tengeneza mteremko kwa rula yenye mfereji, mwisho wake ulale sawasawa na meza. Achilia gololi kutoka alama moja kila mara, na chini tandika karatasi ya kaboni juu ya karatasi nyeupe ili ikuachie doa. Kwa meza ile ile ya sentimita 80, ikitua sentimita 60 kutoka usawa wa ukingo, ilitoka mezani kwa mita 1.5 kwa sekunde. Kisha hamia meza yenye kimo kikubwa zaidi, wapige hesabu upya, na waweke mkebe wenyewe pale wanapotarajia gololi itue. Wakumbushe kupima hadi mdomo wa mkebe, si hadi sakafuni. Gololi ikikosa, kabla hujalaumu fomula, uliza nani aliisukuma badala ya kuiachilia.