Miaka 41 na ndiyo kwanza unaugundua mwili

Ndugu yangu, unasema biolojia uliikimbia shuleni, na sasa, tangu umuuguze mama aliyevunjika nyonga, hulali kwa kusoma habari za mifupa. Unauliza kama ni utoto. Utoto gani! Shuleni tulikaririshwa majina tu. Leo una swali lako mwenyewe.

Vitabu baadaye, anza na mkono wako. Kunja ngumi taratibu huku mkono wa pili umeshika chini kidogo ya kiwiko. Unasikia nyama inavyotutumka? Misuli yenye nguvu ya kukunja vidole iko huko. Inavivuta kwa kano ndefu, kama kamba za kikaragosi. Kisha kutanisha kidole gumba na cha mwisho, ukunje kiganja kidogo. Ile kano inayochomoza katikati ya kifundo cha mkono, wengine hawana kabisa, na hawapungukiwi kitu. Mimi ninayo mkono mmoja tu. Nilicheka peke yangu.

Kozi? Usikimbilie kulipa ada. Chora kwanza: mchoro mbovu wa goti utakufundisha kuliko video kumi. Ila usianze kujipima magonjwa, mtego huo ulishaninasa.